Utani Tuliouacha Uwanjani

Siku Simba inapokutana na Yanga, nyumba moja huweza kugawika mafungu mawili tangu asubuhi. Baba huvaa kijani, mama akavaa nyekundu, na watoto wakafuata upande wa yule wanayemtarajia kuwanunulia soda. Jioni ikifika, aliyeshindwa hutaniwa mpaka akakosa pa kujificha. Hupigiwa simu na mashemeji, na muuza kahawa humuuliza kama leo ataihitaji, au machungu ya uwanjani yamemtosha. Naye hucheka, kwa kuwa anajua zamu yake ya kutania ipo njiani. Kesho yake chai humiminwa kutoka birika lile lile.

Nyumba hiyo hiyo hubadilika uchaguzi unapokaribia. Maneno hupungua. Mwenye chama hiki huipita baraza bila ya kuketi anapoona mwenye chama kile ametangulia. Kundi la familia la WhatsApp, lililohimili vipigo vya watani miaka nenda miaka rudi, hupoteza watu watatu kwa usiku mmoja. Tumejiuliza mara nyingi: kwa nini ushabiki wa mpira hautuvunji, na wa siasa unatuvunja, ilhali mashabiki ni wale wale na kelele ni zile zile?

Swali hili kwetu si la nadharia. Katika ukoo wetu wamo ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, ambao tangu uchaguzi wa 2020 hawajapeana mkono. Hakuna shamba wanaloligombea wala mirathi. Liliandikwa neno moja usiku wa kuhesabu kura, likajibiwa kwa neno zito zaidi. Mwaka uliofuata binti wa mkubwa akaolewa. Mdogo, ambaye zamani ndiye aliyekuwa akimbeba mtoto yule mgongoni kumpeleka chuoni kwa maalim, alituma mchango wake kwa simu na hakuhudhuria nikahi.

Kaka wa bibi harusi huyo anasoma uhandisi mjini Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina. Februari 2023 tulijaaliwa kumtembelea, na safari hiyo ndiyo iliyotufungua macho juu ya jambo hili tunaloliandika.

Sarajevo ni mji ambao Muislamu wa pwani yetu hajioni mgeni sana. Kahawa hunywewa taratibu, watu wakizungumza kama barazani kwetu. Karibu na msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa katika karne ya 16, pana mnara wa saa ambao mishale yake hufika kumi na mbili jua linapozama. Kijana wetu alitueleza kuwa wageni kutoka Ulaya huishangaa saa hiyo na kudhani imeharibika. Sisi tuliisoma bila ya taabu, kwani ndiyo saa yetu ya Kiswahili.

Wiki hiyo kijana alitupeleka mlima Bjelašnica, wenye kilele cha mita 2,067, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Huko watu wazima na watoto huteleza juu ya theluji kwa skii, zile mbao ndefu za kuvalia miguuni, ambazo siku hizi si za mbao tena. Tulivishwa viatu vizito, tukashikishwa fimbo mbili, tukakabidhiwa kwa mwalimu wa umri wa miaka ishirini na ushei. Tulidhani atatufundisha kwenda. Kwa nusu saa nzima alitufundisha kusimama: zikutanishe ncha za mbele, tanua visigino, kandamiza theluji. Mtoto wa miaka mitano aliyekuwa kando yetu alilijua hilo kuliko sisi. Hakuna aliyeruhusiwa kupanda viti vya kamba viendavyo juu mpaka mwalimu aone kwamba anaweza kujizuia kwenye kijilima kisichozidi kimo cha ngazi ya nyumba.

Kijana wetu alianguka mara nyingi kuliko sote. Picha yake akiwa amelala chali, theluji imemjaa kofiani, aliituma kwa baba yake na kwa baba yake mdogo. Wote wawili walimjibu kwa kicheko, kila mmoja kwa wakati wake, wala hakuna aliyejua kwamba mwenziwe amecheka. Kijana akatutazama, akasema: "Ami, mimi ndiye pekee ninayejua kwamba bado wanachekeshwa na kitu kimoja."

Mlima huo una historia ambayo kila mpenda michezo anapaswa kuijua. Mwezi Februari 1984 Sarajevo iliandaa Olimpiki za Majira ya Baridi, na mbio za wanaume za kuteremka zilifanyika hapo Bjelašnica. Miongoni mwa walioshuka mlima ule alikuwamo Lamine Guèye wa Senegal, Mwafrika mweusi wa kwanza kushindana kwa skii katika Olimpiki hizo. Alikuwamo pia Jure Franko, kijana kutoka Slovenia, aliyeipatia Yugoslavia medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki za baridi, nayo ilikuwa ya fedha. Mji mzima ulimshangilia. Watu wa Sarajevo walitunga msemo wa utani kwamba wanampenda Jure kupita burek, chapati yao ya nyama ambayo kwa kawaida hawaipendi kupita kitu chochote. Hakuna aliyeuliza Franko ni wa kabila gani au anaabudu wapi. Muislamu, Mserbia, Mkroati na Myahudi wa Sarajevo walikuwa na furaha moja siku ile.

Miaka sita baadaye ilikuja mwaka 1990, mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi katika jamhuri zote za Yugoslavia. Kroatia ilimaliza duru ya pili ya kura tarehe 7 Mei. Tarehe 13 Mei, hata wiki moja haijatimia, Dinamo Zagreb ilipangiwa kucheza na Red Star ya Belgrade katika uwanja wa Maksimir. Mechi ile haikuchezwa. Mashabiki walivunja viti na kuingia uwanjani, wakapigana wao kwa wao na polisi. Nahodha wa Dinamo, Zvonimir Boban, alimrukia askari mmoja kwa teke, na picha yake ikazunguka dunia. Wachache hukumbuka kwamba askari aliyepigwa teke lile, akionekana kuwa alama ya dola ya Waserbia, alikuwa Muislamu wa Bosnia. Na miongoni mwa viongozi wa mashabiki wa Red Star siku ile alikuwamo Željko Ražnatović, aliyeitwa Arkan. Mwaka huo huo aliunda kikosi cha wapiganaji na kuwaandikisha mashabiki wa jukwaani. Aprili 1992 kikosi hicho kiliingia mji wa Bijeljina, kaskazini-mashariki ya Bosnia, na kuua raia Waislamu mitaani.

Bosnia yenyewe ilipiga kura Novemba 1990. Vyama vitatu vilishinda, kimoja cha Waislamu, kimoja cha Waserbia na kimoja cha Wakroati, na matokeo yalikaribia sana hesabu ya sensa. Watu walikwenda vituoni wakajihesabu. Sera ya shule, ya ajira au ya hospitali haikuamua kitu. Na ukishakuwa uchaguzi wa kuhesabu watu, aliye mchache hana mechi ya marudiano, kwa kuwa idadi haibadiliki kwa miaka minne wala kumi.

Yaliyofuata yanajulikana. Sarajevo ilizingirwa kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996, siku 1,425. Mfereji wa zege wa mbio za sleji katika mlima Trebević ukawa maficho ya wapiga mizinga. Hoteli za Bjelašnica ziliteketezwa, na kwa miaka mingi baada ya vita watelezaji walionywa wasitoke nje ya njia zilizosafishwa, kwani ardhi ilikuwa na mabomu. Kiwanja cha mazoezi kando ya uwanja wa Koševo, palipofunguliwa Olimpiki, kiligeuzwa makaburi. Tulisimama hapo. Nyakati za kuzaliwa zilizochongwa kwenye mawe yale zinaonyesha kwamba wengi wa waliolala pale walikuwa watoto wa shule wakati Franko anashangiliwa. Mwaka 2012 mji uliwakumbuka watu wake kwa kupanga viti vyekundu 11,541 barabarani, kiti kimoja kwa kila aliyeuawa.

Tunayasimulia haya tukijua kwamba vita vile vilikuwa na sababu nyingi na wahusika wakubwa kuliko mashabiki wa mpira. Hata hivyo, siku ile ya Maksimir inaonyesha jinsi jambo linavyogeuka. Dinamo na Red Star walikuwa wapinzani kwa miongo mingi. Walitukanana, walishindana, wakarudi makwao. Kilichobadilika mwaka 1990 ni kwamba jezi iliacha kuwa jezi ikawa chama, na chama kikawa damu. Utani ulipoondoka, kilichobaki ni uadui wenye nyimbo.

Mwenyeji wa kijana wetu, mstaafu wa shirika la reli, alitukaribisha kahawa jioni moja. Yeye ni shabiki wa Željezničar, timu iliyoanzishwa na wafanyakazi wa reli mwaka 1921, na ambayo uwanja wake wa Grbavica ulikuwa mstari wa mbele wa mapigano. Shemeji yake, aliyeketi pembeni, ni wa FK Sarajevo, na mbele yetu walitupiana maneno juu ya mechi ya miaka ya themanini kana kwamba ilichezwa jana. Tukawauliza kuhusu uchaguzi mkuu wa Oktoba 2022. Kicheko kilikatika. Mzee akasema, kijana akitufasiria: "Mechi ikiisha, huyu huja kwangu kunywa kahawa. Uchaguzi ukiisha, hatusemezani wiki nzima, na sote wawili hatujapata kitu."

Kisha akatusimulia kisa ambacho twaomba kila mwenye kupanga siasa akisikilize. Mkataba wa Dayton wa 1995 ulisimamisha vita, na katiba iliyotokana nao inaipa Bosnia urais wa watu watatu: Mbosnia Muislamu, Mkroati na Mserbia, wakipokezana uenyekiti kila miezi minane. Raia asiye wa makundi hayo matatu hawezi kugombea. Mroma mmoja na Myahudi mmoja, Dervo Sejdić na Jakob Finci, walishtaki, na Desemba 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba wanabaguliwa. Katiba haijabadilishwa hadi leo.

Shirikisho la mpira la nchi hiyo nalo lilikuwa na marais watatu wa kupokezana. Aprili 2011 FIFA na UEFA zililifungia: timu ya taifa haitacheza popote mpaka liwe na rais mmoja. Aliyekabidhiwa kuliokoa alikuwa Ivica Osim, mwana wa Sarajevo, mchezaji na kocha wa zamani wa Željezničar. Huyu ndiye aliyekuwa kocha wa Yugoslavia mwaka 1992, akajiuzulu mji wake ulipokuwa ukipigwa mabomu na mkewe akiwa amekwama ndani ya mzingiro. Osim, akiwa tayari mgonjwa, aliwaendea viongozi wa pande zote tatu mmoja baada ya mwingine. Katika muda wa miezi miwili walikubali, na adhabu ikaondolewa. Oktoba 2013 timu ile, yenye Waislamu, Waserbia na Wakroati ndani yake, iliifunga Lithuania bao moja kwa bila mjini Kaunas na kufuzu Kombe la Dunia la Brazil. Mfungaji, Vedad Ibišević, aliikimbia vita akiwa mtoto.

Mzee yule hakutuambia kwamba mpira umeiponya Bosnia, kwa sababu haukuiponya. Waserbia wengi wa nchi hiyo bado hushangilia Serbia, na Wakroati wengi Kroatia. Alichosema ni kwamba kwa miaka michache waliona kwamba pande tatu zinaweza kumkubali kiongozi mmoja na hakuna aliyepotea. Siasa haikujifunza somo hilo, na vijana wanaendelea kuhama kwenda Ujerumani na Austria.

Turudi kwetu. Hatukuhitaji kwenda Bosnia kuyajua haya. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza Zanzibar tangu kurejeshwa kwa vyama vingi, urais ulitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, na matokeo hayo yakabishaniwa vikali. Baada yake Pemba ilishuhudia kususiana: watu walisusa maduka ya wenzao, wakasusa magari ya abiria, wakasusa hata maziko. Januari 2001 damu ilimwagika, na Wapemba wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Ilichukua miaka mingine tisa hadi kura ya maoni ya Julai 31, 2010, ambapo theluthi mbili ya wapigakura walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Mpango huo nao umepanda na kushuka tangu hapo. Lakini waliokuwa watu wazima Pemba katika miaka ya tisini wanajua maana ya kufiwa na kukosa wa kubeba jeneza kwa sababu ya chama.

Tunadhani sasa tunaweza kulijibu swali letu. Tumeuchukua ushabiki wa mpira tukaupeleka katika siasa: rangi, nyimbo, mapenzi yasiyouliza sababu. Lakini vitu vitatu vilivyoufanya ushabiki huo usituvunje tumeviacha uwanjani. Cha kwanza ni utani, yaani ile hakika kwamba mpinzani wangu ni wangu. Yanga ilianzishwa 1935, na mwaka uliofuata waliojitenga nayo wakaanzisha timu ambayo leo ni Simba. Watani hawa wametoka tumbo moja, na hakuna anayeitamani siku mwenziwe atakapokufa, kwani atamcheka nani? Cha pili ni refa ambaye, pamoja na manung'uniko yetu yote, huamua kwa sheria inayojulikana na wote. Cha tatu ni mechi ya marudiano: aliyefungwa leo ana tarehe nyingine, na hakuna anayemnyang'anya mshahara wala kumnyima mtoto wake shule kwa kuwa timu yake imefungwa.

Atatokea msomaji wa kutuambia kwamba siasa si mchezo, na aliyedhulumiwa kura yake hawezi kuambiwa acheke. Amesema kweli. Kura ni amana, na mwenye amana ana haki ya kuidai. Ndiyo maana tumetaja refa na marudiano pamoja na utani. Aliye na madaraka asiwaombe watu utani huku amekifunga kipenga mfukoni mwake. Uungwana wa aliyeshindwa hujengwa na uadilifu wa aliyeshinda, na aliyeshinda ndiye anayepaswa kuanza.

Katika hili tunao mfano kutoka kwa jirani yetu, tena katika theluji. Philip Boit wa Kenya hakuwa ameiona theluji kwa macho mpaka 1996, alipopelekwa Finland kujifunza skii. Mwaka 1998 alishindana katika mbio za kilomita 10 kwenye Olimpiki za Nagano, Japani, na akawa wa mwisho, wa 92, dakika zipatazo ishirini nyuma ya mshindi. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway. Alikuwa amekwisha kumaliza na medali yake ilikuwa ikimngoja, lakini alikataa kuondoka. Alisimama kwenye mstari katika baridi ile mpaka Mkenya alipofika, akamkumbatia. Boit alimwita mwanawe Daehlie. Na tuangalie pia kwamba saa iliyowapima wawili wale ilikuwa moja. Kumbatio lingekuwa dhihaka kama saa ingekuwa mbili.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika mwaka 2024, na uchaguzi mkuu mwaka 2025. Sheria na tume ni mambo ya kudaiwa kwa njia zake, na tuyadai. Lakini yapo yaliyo mikononi mwa kila nyumba kuanzia usiku wa leo. Mtoto anayeimba wimbo wa chama aulizwe kwa upole kwa nini anakipenda. Akikosa jibu, wazazi wamtafutie sababu kabla ya kumnunulia fulana. Kundi la simu la familia liwe na mzee mmoja anayekubalika na wote, mwenye ruhusa ya kusema "basi", na neno lake likomeshe, kama mwalimu wa Bjelašnica asiyemruhusu mtu kupanda mpaka ajue kusimama. Nikahi, maziko, akika na mgonjwa visipewe rangi kabisa. Anayeshinda aende yeye kwanza nyumbani kwa aliyeshindwa, asingoje kufuatwa.

Na wale ambao wamekwisha kukosana, kama ndugu zetu wawili, wasisubiri uchaguzi mwingine uje kuwapatanisha, kwani kazi hiyo uchaguzi hauijui. Mmoja wao ameanza kuulizia afya ya mwenziwe kupitia kwa kijana aliye Sarajevo. Njia ni ndefu mno kwa watu ambao nyumba zao zimetenganishwa na mtaa mmoja, lakini kijana ametuambia ataendelea kuzibeba salamu hizo mpaka wenyewe wachoke kumtuma.

Wallahu a'lam.